Ngazi ya Mafundi

Wanafunzi wenzangu wa zamani, enzi zetu Kifungilo ufundi ulihesabiwa kimbilio la walioanguka mtihani. Historia inakataa. Shule ya ufundi ya Ifunda, ya 1951, ilianza na wavulana. Mabinti walingoja sana. Hata hivyo aliyemaliza kidato cha nne aliiona ngazi mbele yake: Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, cha 1957, au cha Arusha, 1978; miaka mitatu, cheti cha fundi sanifu, kisha kazi serikalini. Hicho ndicho kilichomfanya aendelee, si mapenzi ya nyundo peke yake. Miaka ya 1990 serikali ikabana ajira, ngazi ikavunjika kidato cha juu. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ilipewa mafunzo. Ajira haikuwa kazi yake. Mabinti wa Lushoto wanaofika ofisini kwangu hawaanzi na ada. Huuliza: “Nikihitimu, nani atanipokea?”