Upigaji picha wa kuku wa kuchi

Upigaji picha wa kuku wa kuchi ni shughuli ya kupiga picha majogoo na matetea wa aina ya kuchi ili kuwaonyesha, kuwauza na kutunza kumbukumbu ya uzao wao. Jijini Dar es Salaam hufanywa zaidi na wafugaji wenyewe, kwa simu ya mkononi, wakiwemo wale wa Wilaya ya Kinondoni, ambako nyua za Bunju na Mbweni bado zina nafasi ya banda.

Kuku mwenyewe

Kuchi ni mmoja wa kuku wa asili wa Tanzania, kama walivyo Ching'wekwe na Singamagazi. Ana shingo na miguu mirefu, husimama wima, mdomo wake ni mfupi uliopinda, upanga wa kichwani ni mdogo na manyoya ya kifuani ni haba. Jogoo aliyekomaa huwa na wastani wa takribani kilo 2.7 na tetea kilo 1.8. Umbo hilo ni la kuku wa kupigana, na tafiti za vinasaba zimeonyesha ukaribu wake na Shamo wa Japani.

Picha kama ushahidi

Huko Uingereza maonyesho makubwa ya kwanza ya kuku yalifanyika London mwaka 1845, na Marekani ilichapisha kitabu cha vigezo vya aina za kuku mwaka 1874. Mfugaji wa kuchi kwa kawaida hana kitabu cha nasaba cha kumwonyesha mteja. Badala yake humtumia picha za baba na mama wa kifaranga. Mnunuzi aliye Dodoma au Mwanza mara nyingi hulipa kwa simu kabla kuku hajapakiwa kwenye basi, kwa hiyo picha ndiyo mkataba wake.

Hapo ndipo udanganyifu huingia. Chotara huuzwa kwa jina la kuchi, na picha ya jogoo wa mtu mwingine hutumiwa kuuzia vifaranga visivyo vyake. Mnunuzi mwangalifu huomba video fupi ya kuku akitembea, au picha yake kando ya karatasi yenye tarehe ya siku hiyo.

Namna ya kupiga

Kosa la kawaida ni kupiga ukiwa umesimama. Kuku akipigwa kutoka juu huonekana mfupi na mgongo mpana, na kwa kuchi hilo huficha sifa yake kuu. Mpigaji huchuchumaa mpaka simu ilingane na kifua cha kuku, kisha hupiga kutoka ubavuni. Simu ikisogezwa karibu mno, sehemu iliyo mbele huonekana kubwa kuliko ilivyo. Wauzaji wengine hulijua hilo vizuri na humshika jogoo kwa mkono ulionyooshwa kuelekea kamera. Tofali au chupa ya maji ikiwekwa kando ya miguu yake hutoa kipimo cha haki.

Mwanga unaofaa ni wa asubuhi au alasiri, jua likiwa nyuma ya mpigaji. Shuka la rangi moja likitundikwa ukutani huondoa vurugu za uani. Jogoo mweusi huhitaji mwanga zaidi, la sivyo manyoya yote huwa doa moja. Mweupe huhitaji mwanga uliopunguzwa. Jicho lazima lionekane wazi. Kuku hatulii, hivyo hupigwa picha nyingi mfululizo na kuchaguliwa mbili au tatu.

Afya ya kuku

Mgeni anayepita banda hadi banda anaweza kubeba virusi vya mdondo kwenye viatu na nguo. Picha hupunguza ziara za namna hiyo. Mpigaji anayeitwa kwa jirani husafisha viatu, hunawa mikono na hupigia nje ya banda. Chanjo ya I-2, inayotolewa kwa tone la jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na baadhi ya wafugaji huandika tarehe yake pamoja na picha ya kuku husika.