Mashine ya kukereza ya CNC: uchaguzi kwa karakana ndogo

Mashine ya kukereza ya CNC huzungusha kipande cha chuma au plastiki huku kompyuta ikiongoza kisu katika njia mbili: X, inayoamua kipenyo, na Z, inayofuata urefu wa kazi. Mnunuzi mgeni huvutiwa na skrini. Afadhali aanze kukagua kitanda, yaani msingi wa mashine, kwani kompyuta mbovu hubadilishwa, ila kitanda chepesi kitatetema daima.

Mashine za mezani za inchi 7 kwa 14, zinazobeba kipenyo cha takriban milimita 180 na urefu wa 350, zina uzito wa kilo 40 hivi. Zinafaa kwa alumini na plastiki. Chuma zinakikata kidogo kidogo. Mwenye kazi ya kila siku ya shafti za chuma atafute mashine nzito, hata iliyotumika.

Mchezo, yaani ulegevu, kwenye skrubu zinazosogeza kisu ndio unaoharibu kazi nyingi. Saa ya kupimia ikiegeshwa kwenye kishikio cha kisu, kisha kisu kikaamriwa kwenda na kurudi, kasoro huonekana papo hapo. Mchezo wa milimita 0.05 upande wa X hugeuka 0.1 kwenye kipenyo, na bushi iliyotakiwa kubana hupwaya. Programu inaweza kufidia kiasi, lakini haikizuii kisu kuvutwa na chuma; skrubu za gololi ndizo dawa.

Ukataji wa thredi nao unahitaji kuulizwa mapema. Thredi ya kawaida ya M10 husogea milimita 1.5 kwa kila mzunguko, na kisu hupita mara kadhaa katika mfereji uleule. Kompyuta lazima ijue spindeli imefika wapi, hivyo mashine isiyo na kihisi cha mzunguko haifai kwa kazi hiyo, hata iwe rahisi vipi.

Mashine kuukuu za kufundishia, kama Emco Compact 5 CNC ya Austria ya miaka ya 1980, hufufuliwa kwa LinuxCNC, programu huria yenye asili katika taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST.

Bei ijumlishe visu, taya za kushikia na umeme. Karakana yenye umeme wa fezi moja tu huweza kuendesha mota ndogo ya fezi tatu kwa inveta, nayo inveta hiyohiyo hurekebisha kasi ya spindeli.