Cairo haikumalizwa na maji

Wasee, kuna Cairo nyingine, si ile ya Misri. Iko Illinois, Marekani. Kiangazi huko ni joto na jasho tupu. Ukifika, nenda Fort Defiance uone mito ya Ohio na Mississippi ikikutana, halafu Magnolia Manor, jumba lililokamilika 1872.

Mwaka 1920 mji ulikuwa na watu zaidi ya 15,000. 2020 hawakufika hata 2,000. Usiniambie ni mafuriko. 1937 na 2011 tuta la upande wa Missouri lililipuliwa, mji ukaokolewa. Lakini 1969 Weusi walisusia maduka yaliyokataa kuwaajiri, na wenye maduka kadhaa wakaona heri wafunge kabisa. Manze, maji yalijengewa ukuta. Chuki ilikuwa ndani.