Majina Yaliyomo Katika Mwongozo wa GDB

Wanafunzi wangu hufungua mwongozo wa GDB, chombo huria cha kusaka hitilafu za programu, wakitafuta amri moja tu: namna ya kusimamisha programu kwenye mstari fulani, basi. Mimi huwaomba waanze na kurasa za mwanzo, penye majina ya watu.

Richard Stallman aliiandika GDB mwaka 1986 ndani ya mradi wa GNU. Matoleo hadi 2.8 aliyasimamia mwenyewe, akisaidiwa na Peter TerMaat, Chris Hanson na Richard Mlynarik. Akapokea Randy Smith kwa toleo la 3.0 hadi 3.2, kisha Jim Kingdon hadi 3.5, akafuata John Gilmore. Naupenda ukoo huu. Anayetoa toleo hukusanya kazi za wenzake, akazijaribu, akazipatanisha, na mara nyingi hakuna hata mstari mmoja wa programu unaoonyesha jasho lake. Asipotajwa hapa, atatajwa wapi?

Wengine wametajwa pamoja na kazi yao hasa. Sehemu kubwa ya uwezo wa GDB kushughulikia lugha ya C++ ni ya Michael Tiemann. Pace Willison alileta uwezo wa kutumia kichakataji cha Intel 386. Andrew Beers alishughulikia lugha ya Modula-2, na pia akaandika sura ya lugha katika mwongozo huohuo. Aliyeandika maelezo amehesabiwa sawa na aliyeandika programu, jambo ambalo miradi mingi hadi leo hailifanyi. Mwongozo unakiri pia kwamba wapo wengi zaidi, na unamwomba msomaji alete jina la yeyote aliyesahauliwa, awe rafiki au adui.

Fred Fish alisimamia matoleo kadhaa na kuandika sehemu kubwa ya yanayohusu mfumo wa Unix System V toleo la 4. Watumiaji wa kompyuta za Amiga walimfahamu zaidi kwa disketi: alikusanya na kusambaza zaidi ya 1,000, zimejaa programu za watu wengine, na orodha ya yaliyomo ikimtaja mwandishi wa kila programu. Alifariki mwaka 2007. Mwongozo wa GDB umetabarukiwa kwa kumbukumbu yake.

Nanyi mnaoandika programu huria leo, wekeni ukurasa kama huo tangu toleo la kwanza, na mbele ya kila jina andikeni kazi aliyoifanya mwenyewe.