Tanzia na Mgao wa Lawama: Uhamishaji wa Mchezo wa Masimulizi hadi Andalusi

Utangulizi

Tanzia ni utanzu unaohama. Ola Rotimi alipomtwaa Oedipus kutoka Thebes na kumweka katika nchi ya Wayoruba, katika tamthilia ya The Gods Are Not to Blame iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1968, hakubadilisha majina na mavazi tu. Alibadilisha pia mgao wa lawama. Anwani yenyewe inatangaza kwamba miungu haina hatia. Hivyo basi hadhira inalazimika kuwatazama wanadamu na chuki zao za kikabila. Hali kadhalika, Ebrahim Hussein katika Kinjeketile (1969) aliyachukua Maji Maji ya 1905-1907 na kuyafanya swali kuhusu neno linalomponyoka aliyelitamka. Mifano hii miwili inadhihirisha jambo moja: tanzia inapohamishiwa katika mandhari ya kihistoria, swali kuu si mahali wala wakati, bali ni nani alaumiwe.

Makala hii inalichunguza swali hilo katika utanzu mchanga, yaani mchezo wa masimulizi. Mifano itakayozingatiwa ni Polaris, uliotungwa na Ben Lehman wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005, na Thou Art But a Warrior wa Anna Kreider, uliotokea miaka michache baadaye na kuuhamishia mchezo wa kwanza katika Andalusi, yaani Uhispania ya Waislamu. Inahojiwa hapa kwamba kilicho na thamani ya kuhamishwa kutoka Polaris si wazo la majaliwa, bali ni muundo wake wa masharti.

Mchezo wa Asili

Mchezo wa masimulizi, katika umbo lake la kisasa, ulianza kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Watu wachache huketi kuizunguka meza, kila mmoja akabeba nafsi ya mhusika, na hadithi ikazaliwa kwa kauli za kupokezana. Hakuna matini iliyoandikwa kabla. Kuna kanuni za kuitunga. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Fanani na hadhira ni wale wale. Kwa msomi wa fasihi simulizi hali hii si ngeni. Hata neno la Kiswahili "mchezo" halitenganishi kile kinachochezwa uwanjani na kile kinachoigizwa.

Polaris unasimulia habari za watu wa kaskazini ya mbali ambao mji wao mkuu umekwisha kuangamia. Maangamizi hayo yalitokana na Kosa walilolitenda wenyewe, na kutoka katika Kosa hilo hutoka mashetani. Mashujaa wachache wanaendelea kuwalinda watu wasiojali tena kulindwa. Kila mchezaji ana shujaa wake. Zamu yake inapofika, yeye humwongoza shujaa huyo, huku mwenzake anayemkabili mezani akiongoza mashetani na kila kinachompinga. Wachezaji wawili wa pembeni huwabeba wahusika wadogo na huamua panapotokea utata.

Mambo mawili katika kanuni hizi yanahitaji kusisitizwa. Kwanza, mwisho unajulikana tangu mwanzo. Shujaa huanza na ari. Ari hupungua hadi ikaisha, kisha uchovu ukachukua nafasi yake. Hatimaye ama atakufa, ama atawasaliti watu wake na kujiunga na maadui. Hakuna njia ya tatu. Pili, mgogoro huendeshwa kwa semi maalumu zinazorudiwarudiwa, mithili ya "paukwa" na "pakawa" katika ngano zetu. Mchezaji anapotaka jambo litokee, mpinzani wake aghalabu halikatai. Hulikubali kwa sharti. Shujaa ataokoa mji, lakini ndugu yake atauawa. Naye mwenye shujaa huweza kuweka sharti juu ya sharti, hadi mmoja wao akubali au mapatano yavunjike. Kwa njia hii ushindi wenyewe ndio unaozaa maangamizi.

Aristotle aliifungamanisha tanzia na kosa la mhusika. Lehman amelipanua wazo hilo: kosa limekuwa la jamii nzima na limetangulia hadithi. Katika ngano jambo hili halimdhulumu mtu yeyote, kwa maana watu hao hawakuwahi kuishi.

Kutoka Ngano hadi Historia

Kreider aliubakiza mfumo wa kanuni za Polaris na kuyabadilisha mandhari. Mashujaa sasa ni wapanda farasi Waislamu wanaoutetea ustaarabu ambao Wakristo wa kaskazini wanaukaribia kwa silaha. Uteuzi huu una mantiki. Mwisho wa Andalusi unajulikana kwa kila mchezaji, kama unavyojulikana mwisho wa mji wa Lehman. Toledo ilitwaliwa mwaka 1085, Cordoba 1236, Seville 1248, na Granada tarehe 2 Januari 1492.

Hata hivyo, kujulikana kwa mwisho hakulingani katika mandhari hizi mbili. Katika ngano, mwisho ni kanuni. Katika historia, ni tukio ambalo lingaliweza kwenda njia nyingine. Mtunzi asipotahadhari, kanuni ya mchezo hugeuka kuwa dai la kihistoria kwamba Andalusi ilikuwa lazima ianguke, tena kwa kosa lake yenyewe. Dai hilo lina wenyewe. Ndilo lililomo katika hekaya iliyoenea baadaye kuhusu Muhammad XII, sultani wa mwisho wa Granada, kwamba mamaye alimkemea kwa kuulilia mji alioshindwa kuutetea. Hekaya ya namna hii humtwika aliyeshindwa dhambi ya kushindwa kwake na kumwacha mshindi akiwa msafi.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo. Nafasi ya mashetani ikijazwa na Wakristo, adui huwa uovu mtupu. Historia haikubaliani na mgawanyo huo. Rodrigo Díaz, ambaye Uhispania ilimfanya nembo ya ushujaa wa Kikristo, baada ya kufukuzwa na mfalme wake mwaka 1081 alimtumikia mtawala Mwislamu wa Zaragoza. Mipaka ya dini na mipaka ya utiifu haikuwa mstari mmoja.

Sharti kama Kiini cha Tanzia

Iwapo majaliwa hayafai na mashetani hayafai, ni kipi katika Polaris kinachoafiki Andalusi? Jibu limo katika sharti. Baada ya ukhalifa wa Cordoba kusambaratika mwaka 1031, tawala ndogondogo zilizouridhi ziliishi kwa mapatano: kulipa ushuru kwa mfalme wa Kikristo ili zisishambuliwe, kisha kutafuta msaada kwingine ushuru ulipozidi.

Al-Mutamid wa Seville, mtawala aliyekuwa pia mshairi, ni kielelezo bora. Toledo ilipotwaliwa, yeye na wenzake walimwita Yusuf ibn Tashfin, kiongozi wa Almoravidi, avuke bahari kutoka Afrika. Mwaka 1086 Yusuf aliwashinda Wakastilia huko Zallaqa. Ombi lilikubaliwa, gharama ikaja baadaye. Mwaka 1091 Waalmoravidi waliitwaa Seville yenyewe, na Al-Mutamid akafia uhamishoni Aghmat, Moroko, mwaka 1095. Hakuna shetani katika kisa hiki. Kuna mtu aliyechagua baina ya mabwana wawili, na chaguo lake lilikuwa na hoja.

Kisa cha Muhammad I, mwasisi wa ufalme wa Granada, ni kichungu zaidi. Mwaka 1246 aliisalimisha Jaén na kukubali kuwa chini ya Ferdinand III wa Kastilia. Kwa mapatano hayo Granada ilipata uhai wa takriban karne mbili na nusu. Lakini sharti lilikuwa kutoa askari, na Seville ilipozingirwa, askari wa Granada walikuwa upande wa waliozingira. Mji mmoja wa Waislamu ulinusurika kwa kusaidia kuangusha mwingine. Laiti ingalikuwa kauli ya mchezaji mezani, hakuna ambaye angeona kwamba imetiwa chumvi.

Tukiitazama hivi, lawama haiangukii majaliwa wala dini fulani. Inagawanyika baina ya anayeweka sharti, anayelikubali, na mazingira yanayowafanya wote wawili waone kwamba hakuna budi. Muundo wa Polaris una nguvu ya kuudhihirisha mgao huu kuliko tamthilia ya kawaida. Anayecheza humuonea huruma shujaa na vilevile, zamu inapozunguka, hukaa katika kiti cha anayemwangamiza mwenziwe. Hakuna anayeinuka mezani akiwa mtazamaji tu.

Mwisho Usio Mwisho

Kuna tofauti moja ambayo sharti peke yake haliiondoi. Watu wa Polaris wanatoweka, Waandalusi hawakutoweka. Mapatano ya Novemba 1491 yaliwaahidi watu wa Granada dini yao, mali yao na sheria zao. Kuanzia 1499 ahadi hizo zilivunjwa, na punde wakalazimishwa kuchagua baina ya ubatizo na uhamisho. Kati ya 1609 na 1614 wazawa wao wapatao 300,000 walifukuzwa. Wengi walifika Afrika ya Kaskazini. Tetouan ulikuwa umekwisha kujengwa upya na wahamiaji wa Granada, na Testour, nchini Tunisia, ukaanzishwa na hao waliofukuzwa.

Fasihi ya maombolezo huielekea hali hii kwa njia yake. Al-Rundi aliiomboleza miji ya Andalusi katika karne ya 13, kama vile Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyoomboleza Pate katika Al-Inkishafi. Katika maombolezo ya aina hiyo, magofu ni hoja juu ya kupita kwa dunia. Tanzia ya kihistoria haina ruhusa ya kuishia hapo. Sharti lake ni kuuliza pia nani aliyetia saini, nani aliyeivunja, na waliosalia walikwenda wapi.

Hitimisho

Kuhamisha mchezo wa tanzia hadi historia si kazi ya kubadilisha mapambo. Kanuni iliyokuwa ya uzuri katika ngano huwa hukumu juu ya watu waliowahi kuishi, na ambao wazawa wao wangali hai. Uhamishaji wa Andalusi unafaulu pale ambapo mapatano ya wachezaji yanafanana na mapatano ya watawala. Unateleza pale ambapo kushindwa kunadhaniwa kuwa asili ya walioshindwa. Watunzi watakaozigeukia historia nyingine hawana budi kuanza na swali la Rotimi: ikiwa miungu haina lawama, ni ya nani?