Nembo za Uso na Majuto Yake

Kibera, mtaa mkubwa wa Nairobi, una vijiji vingi, na kimoja katika hivyo huitwa Kambi Muru. Neno la kwanza ni la kijeshi. Neno la pili ni jina la Wamuru, watu ambao nchi yao ya asili imo katika Sudan ya Kusini, mbali sana na Nairobi. Mwanafunzi apitaye huko leo aweza kudhani kuwa jina hilo ni sauti tupu. Kumbe ni mlango wa historia ya watu waliokuja na vitu viwili ambavyo havikuweza kuachwa njiani: lugha yao, na alama zilizokuwa katika nyuso zao.

Katika mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika Kavalli karibu na Ziwa Albert. Huko aliwakuta askari wa Kisudani waliosalia katika jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa liwali wa jimbo la Ikwatoria. Lugard aliwaandika askari hao akawaleta Uganda. Baadaye wengi wao, pamoja na wana wao, waliingia katika King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Walipomaliza utumishi wao, baadhi yao walipewa ruhusa kukaa katika msitu uliokuwa nje ya mji mchanga wa Nairobi. Mahali pale wakapaita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Katika mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi kuwa eneo hilo ni ardhi ya jeshi. Watu hao wote waliitwa Wanubi, ijapokuwa asili yao ilikuwa makabila mbalimbali.

Siku hizi tukisikia neno nembo hufikiri alama ya serikali au ya kampuni. Zamani maana yake ilikuwa nyingine. Nembo zilikuwa chale zilizochanjwa katika uso au mwili, na aghalabu zilionyesha kabila la mtu. Wembe au kisu kilipasua ngozi, na kidonda kilipopona kikaacha kovu la kuonekana maisha yote. Miongoni mwa Wanubi wa Uganda na Kenya, alama iliyojulikana sana ilikuwa mistari mitatu iliyosimama katika kila shavu. Huko Sudan wanawake wengi walidungwa sindano katika mdomo wa chini na kutiwa rangi, hata mdomo ukawa wa buluu iliyokoza. Hilo lilihesabiwa kuwa uzuri wa mwanamke aliyeolewa.

Basi urembo wa kudumu si jambo lililovumbuliwa jana. Hata hivyo, watu wetu walikuwa pia na urembo wa muda. Hina ya bibi arusi hufifia baada ya majuma machache, na wanja hutoka kwa maji. Anayekosea katika kupaka hina hungoja tu. Anayekosea katika kuchanja hana la kungoja.

Lakini kosa si la mkono wa mchanjaji peke yake. Alama yaweza kuchanjwa vizuri kabisa, kisha dunia ikabadilika. Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971, na katika utawala wake Wanubi wengi walipata vyeo katika jeshi na polisi. Ile mistari mitatu ya shavuni, ambayo watu waliipa jina la tarakimu 111, ikawa alama ya kuogopwa. Amin alipoangushwa mwezi wa Aprili 1979, alama ile ile ikawa ya kuwindwa. Waliofanya maovu na wasiofanya lolote walitazamwa kwa jicho moja, maana shavu haliwezi kujieleza. Maelfu ya watu walikimbilia Sudan na Zaire. Mtu aweza kubadili nguo, jina au hata lugha anapokimbia, lakini uso wake huenda naye. Chale zilikuwa zile zile walizotiwa wakiwa watoto, bila kuulizwa. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji.

Makabila mengine ya Kenya nayo yalikutana na jambo hili, ingawa si kwa hatari kubwa kama hiyo. Wakikuyu, Wamasai na Wakalenjin walikuwa na desturi ya kutoga masikio na kuyatanua ndewe. Waluo walikuwa na desturi ya kung'oa meno sita ya chini. Mtu asiye na alama hizo hakuhesabiwa kuwa amekamilika. Kisha zikaja shule, makanisa, kazi za ofisini na maisha ya mjini, na yaliyokuwa fahari kijijini yakawa mambo ya kuchekwa mjini. Baadhi ya watu walikwenda kwa daktari, wakashonwa ndewe zao. Wengine walitia meno ya bandia. Chale za uso zilikuwa ngumu zaidi. Daktari mpasuaji aweza kulikata kovu pana na kuishona ngozi upya, lakini mkono wake hauwezi kuondoa kovu pasipo kuweka kovu jingine. Lililo bora ni kupata lililo jembamba zaidi.

Ulimwengu mwingine nao uliyajua majuto haya tangu kale. Katika dola ya Rumi watumwa na wahalifu walitiwa alama za wino usoni ili wasiweze kutoroka. Mwanzoni mwa karne ya 4 Kaisari Konstantino alikataza wafungwa wasitiwe alama katika uso. Katika karne ya 6 tabibu Aetius wa Amida aliandika jinsi ya kufuta alama kama hizo kwa dawa kali zilizochubua ngozi. Wako watu waliokubali maumivu makali ili tu wasisomwe tena na kila mpita njia.

Katika mwaka 1891, mwaka ule ule wa safari ya Lugard, Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu. Kazi iliyokuwa ya saa nyingi ikawa ya muda mfupi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachoraji wa London walikuwa wakiwatia wanawake rangi ya waridi mashavuni, isiyotoka kwa sabuni. Tangu hapo ufundi huo umeenea duniani, na leo katika saluni za Nairobi, kama katika miji mingine, mtu aweza kuchorewa nyusi, kope au midomo kwa rangi iliyotiwa ndani ya ngozi. Kwa nini basi wengine hujuta?

Jibu liko katika ngozi yenyewe. Rangi iliyopakwa juu ya ngozi hutoka, kwa kuwa ngozi ya juu hujibadilisha daima. Rangi iliyodungwa mpaka ngozi ya ndani humezwa na chembe hai za mwili zilizo walinzi wetu, nazo huishika hapo kwa miaka. Sindano ikizama mno, wino hutambaa na mstari huwa kama maandishi yaliyoandikwa katika karatasi mbichi. Rangi nyeusi iliyotokana na masizi huweza kugeuka buluu ikitazamwa kupitia ngozi, na ile yenye kutu ya chuma huweza kubaki nyekundu. Tena uso hauachi kukua wala kuzeeka. Nyusi zilizopendeza mtu akiwa na miaka 20 zaweza kuwa mahali pasipofaa akiwa na miaka 50.

Tumaini kubwa la kurekebisha makosa hayo lilianza mwaka 1960, Theodore Maiman alipotengeneza chombo cha kwanza cha mwanga wa leza huko Marekani. Katika miaka iliyofuata daktari Leon Goldman aliujaribu mwanga huo juu ya tatuu. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish walieleza kanuni yake: mwanga ukichaguliwa vyema na kupigwa kwa muda mfupi mno, hupasua rangi bila kuunguza sana ngozi iliyo kandokando. Vipande vidogo vya rangi huchukuliwa na mwili wenyewe polepole. Kwa hiyo kazi hiyo huhitaji safari nyingi kwa daktari, na kati ya safari moja na nyingine majuma kadhaa hupita.

Walakini leza ina mitego miwili ambayo yatupasa kuijua. Mtego wa kwanza umo katika rangi. Rangi nyeupe, ya waridi au ya kahawia, zikiwa na titani au kutu ya chuma, huweza kugeuka nyeusi ghafla zinapopigwa na mwanga huo. Ndiyo maana yule anayeficha kosa kwa kulifunika kwa rangi ya ngozi aweza kuwa analiongezea kosa la pili, gumu kuliko la kwanza. Mtego wa pili umo katika ngozi zetu. Ngozi nyeusi ina rangi yake ya asili, nayo huunywa mwanga wa leza. Chombo kisichofaa huweza kuiunguza au kuiachia mabaka meupe. Madaktari huchagua leza ya mawimbi marefu, ambayo hupita kwa usalama zaidi. Aidha watu weusi hupata makovu yenye kuvimba mara nyingi kuliko watu weupe, na mwenye makovu ya namna hiyo katika ukoo wake ana sababu ya kujihadhari na sindano tangu mwanzo.

Kwa yule ambaye kosa limekwisha kumpata, shauri la kwanza ni subira. Rangi mpya huonekana kali, kisha hufifia kidonda kinapopona, na haifai kuihukumu kabla ya majuma manne hadi sita. La pili ni kutojitibu kwa ndimu, chumvi au tindikali nyumbani, kwa kuwa nyingi katika dawa hizo huondoa ngozi kabla ya kuondoa rangi. La tatu ni kumwendea daktari wa ngozi, si yule yule aliyekosea. Na kwa yule ambaye bado hajachorwa, na aulize kama sindano ni mpya, maana sindano iliyotumiwa huweza kupeleka virusi vya UKIMWI na homa ya ini kutoka damu hadi damu.

Mababu wa Kambi Muru hawakuwa wajinga walipochanja watoto wao. Waliandika usoni mambo waliyoyaamini: ukoo, uaminifu na uzuri. Hawakuweza kujua kuwa wajukuu wao wangekuja kusomwa na macho ya watu wageni, katika miji mikubwa na katika siku za vita. Desturi hiyo imefifia, na watoto wengi wa Kibera leo hukua na mashavu yasiyo na mstari. Sasa kalamu imo mikononi mwa vijana wenyewe. Zamani mtoto alichanjwa bila kuulizwa. Leo kijana huulizwa, naye ndiye atakayejibu kwa ajili ya mtu mzima ambaye bado hajakutana naye, lakini ambaye atauvaa uso huo huo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hukaa usoni.