Masomo Matatu ya Machakos

Shule ya Machakos, iliyoanzishwa mwaka 1915, iliwahi kuwa na kidato cha tano na cha sita. Hapo mwanafunzi alibaki na masomo makuu matatu tu. Mwenye ndoto ya udaktari alishika Kemia, Bayolojia na Fizikia. Akiiacha Kemia, udaktari umempita. Si wote waliotaka udaktari: Mutula Kilonzo, aliyesoma shuleni humo, alikwenda kusomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulifuta vidato hivyo.

Uchaguzi ukashuka hadi kidato cha tatu: Kiingereza, Kiswahili na Hisabati lazima, kisha mvutano wa Historia au Jiografia, Kilimo au Biashara. Tangu Januari 2026, katika mfumo mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4, mwanafunzi huingia Gredi ya 10 na mkondo wa masomo uliokwisha kuchaguliwa Gredi ya 9. Mapema mno, kusema kweli.